Jumapili Niliyoigusa Bayosi

Jumanne, 8 Aprili 2025

Nimepata kazi! Naiandika hapa maana sina wa kumwambia. Shomari, mwenyekiti wa madereva bajaji wa stendi, ameingia dukani asubuhi, akataka bajaji zote za chama chake zibandikwe stika upya. Namba ubavuni, jina la chama mbele, na nyuma kichwa cha chui anayekenua meno. Zote! Nimemuuliza mara mbili kama ananitania. Hatanii. Wana sherehe yao wiki inayofuata Pasaka, anataka zipite mjini zikiwa zimependeza.

Nimempigia Mama Aikande. Simu ilipokelewa na mjukuu, akaibonyezabonyeza mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita tu.

Huyu mke wangu alikwenda Dodoma kumwangalia Aikande alipojifungua. Akasema mtoto akikaza shingo atarudi. Mtoto alikaza shingo, akakaa, akatambaa, sasa anapokea simu. Na kila nikiuliza, najibiwa kwamba mimi ndiye nihamie kule. Kuna chumba cha uani, uza hayo makorokoro yako uje upumzike. Kupumzika! Nikae uani kwa mkwe wangu natazama ukuta? Hapa Maisaka, Babati, angalau mtu akipita anasema shikamoo fundi.

Lakini kazi hii ikienda vizuri nitakuwa na la kusema. Duka liko hai, mama, rudi nyumbani kwako.

Jumatano, 9 Aprili

Chui amekataa.

Nikimfungua kwenye kompyuta, skrini inaganda. Nasubiri, nakunywa chai, narudi, bado imeganda. Kompyuta ni kuukuu, hilo silifichi. Tatizo ni kwamba mashine ya kukatia stika nayo ni kuukuu, na hizi mbili zimezoeana. Waya wa mashine unaingia kwenye tundu pana lenye meno mengi, na kompyuta za siku hizi hazina tundu la namna hiyo. Nilishawahi kuazima laptopu ya mtu, mashine ikakaa kimya kama haijaona kitu. Kompyuta hii ikifa, mashine nayo inakuwa meza.

Nimekwenda kwa Fabiani, fundi kompyuta wa kule sokoni. Akasema memori ni ndogo, akanipa kubwa. Tumeichomeka. Kompyuta ikapiga kelele — pii! pii! pii! — haikuwaka kabisa. Tukarudisha ya zamani, ikawaka.

Fabiani anasema bodi ya ndani ya kompyuta haiitambui ile memori kwa sababu bayosi yake ni ya zamani mno. Bayosi ni ile programu ndogo iliyoandikwa ndani ya bodi yenyewe. Inaamka kwanza, halafu ndiyo inaamsha vingine vyote. Ipo toleo jipya, anaweza kuniwekea kwenye flashi. Ila akanikazia macho. Umeme ukikatika wakati inajiandika, basi. Ya zamani imefutwa, mpya haijakamilika, bodi haijui hata kujiwasha.

Nikamwambia haya, tuiweke. Akarudi nyuma kabisa. Mzee wangu, mimi flashi nitakupa, ila kidole cha kubonyeza kiwe chako.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeuliza kwenye grupu letu la WhatsApp la wakata stika. Jamaa wa Singida amejibu mara moja: kama inafanya kazi usiiguse. Mwingine akaweka picha ya kaburi. Wengine wakacheka. Halafu wakaendelea na habari za mpira.

Nimejaribu kumkata chui vipande vipande, kila kipande peke yake. Ikakubali! Nimemuunganisha kwenye kioo cha dirisha nimwone. Taya limehamia upande, anaonekana ameumwa jino. Shomari alipopita amemtazama muda mrefu, akauliza kwa heshima kabisa, mzee, huyu ni mbwa?

Amesema nikishindwa niseme mapema, Arusha kuna mtu ana mashine mpya. Hakusema kwa ubaya. Lakini nimekosa hamu ya kula.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kutwa. Hakuna mteja. Nimepika ugali wa watu wawili tena, mkono umezoea kipimo kile. Nusu nimeutupia kuku wa watu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeamua. Kesho naiweka.

Nimefikiria sana habari ya umeme. UPS yangu, ile ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, betri ilishakufa, siku hizi naweka kikombe juu yake. Nyumba nzima, mimi na duka langu huku mbele na wapangaji wa uani, tunatumia mita moja ya Luku, na nyaya zake ni za kubahatisha. Wawili wakipiga pasi kwa pamoja, meni swichi ya nyumba inajikata yenyewe. Sasa kesho ni Jumapili ya Matawi. Asubuhi watapiga pasi mpaka basi, halafu wapangaji wote wa uani wataondoka na makuti yao kwenda kwenye maandamano, na ibada ya Matawi haiishi mapema. Nyumba itakuwa kimya. Hakuna pasi, hakuna birika. Units za umeme nimeshanunua leo, nimeziingiza mwenyewe.

Kanisani sitakwenda. Mungu anaijua hali yangu.

Nilifikiria kubandika karatasi pale kwenye meni swichi, msiguse. Lakini meni swichi iko barazani kwa Mama Hamdani, mpangaji mwenzangu, na barazani kwa Mama Hamdani siku hizi sipiti.

Niseme ukweli, ni kwa sababu ya sahani. Siku ya Idi aliniletea pilau, sahani imefunikwa vizuri na kitambaa. Pilau tamu! Nilikula nikalamba vidole. Halafu nikaiosha sahani, nikakaa nayo. Huwezi kumrudishia mtu sahani tupu. Mama Aikande angekuwepo angeweka ndizi, mayai, chochote, na asingefikiria mara mbili. Mimi nilifikiria. Nikanunua parachichi, zikaoza. Siku zikapita, ikawa aibu, sasa nikisikia kandambili zake kwenye korido nasubiri apite ndipo nitoke. Mtu mzima na mvi zangu, najificha kwa ajili ya sahani.

Basi. Karatasi haina haja, watu wote watakuwa kanisani.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeiua.

Niandike ilivyokuwa. Waliondoka wakiimba, nyumba ikatulia. Nikachomeka flashi, nikafuata maelekezo ya Fabiani moja moja. Skrini ikawa ya bluu, ikaandika nisizime kompyuta. Nikacheka peke yangu, nani azime? Ule mstari mweupe ukaanza kusogea. Nikaikunja mikono kwapani isije ikagusa kitu.

Radi ilianza kuunguruma huko mlima Kwaraa. Mbali. Nikaiambia kompyuta, kaza mwendo mama. Mstari ukafika nusu. Ikapiga radi ya karibu, bati likatetemeka, na mvua ikashuka yote kwa pamoja. Nikasogea nikakaa mbele ya skrini, sijui nilidhani nitaukinga umeme kwa mgongo.

Halafu tii — giza. Feni ikashuka sauti taratibu mpaka ikanyamaza.

Sikutoka nje, mvua ilikuwa inamwagika. Nilikaa tu pale. Mvua ilipopungua umeme ukarudi, taa ikawaka kama hakuna kilichotokea. Nikabonyeza kitufe. Feni inazunguka. Skrini nyeusi. Hata ile pii haipo. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma.

Wamerudi kutoka kanisani. Nawasikia watoto uani wanachapana kwa makuti. Kila mtu ana mtu wa kumsimulia siku yake ilivyokwenda, na mimi nimefunga mlango nasubiri wapunguze kelele.

Jumatatu, 14 Aprili

Fabiani amekuja, ameifungua, ameinama kwenye bodi na tochi ya simu. Akasema ndiyo hivyo, bayosi imefutika nusu. Kilichobaki ni kuichomoa ile chipu yenyewe inayobeba bayosi. Bahati imekaa kwenye soketi, haijachomelewa. Kuna mtu Arusha ana kifaa cha kuiandika upya. Anaweza kufaulu, anaweza kushindwa, inategemea kama faili la bodi hii linapatikana. Ameichomoa, akaifunga kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara kama kidonge. Kesho ana safari ya Arusha.

Akiwa mlangoni akageuka. Mzee, ulisema umeme ulikatika jana mvua ikinyesha? Nikasema ndiyo. Akasema haukukatika. Yeye alikuwa kibandani hapo ng'ambo anaangalia mpira, haukukatika hata mara moja.

Nikasema labda meni swichi ilijikata. Akasema ikijikata hairudi yenyewe. Hapa kuna mtu aliizima, mzee, na akaiwasha. Lazima tumjue!

Huyu kijana ana mdomo. Angekuwa askari ingekuwa taabu.

Nimefunga duka. Kulifungua ili nifanye nini?

Jumatano, 16 Aprili

Jana sikuandika. Sikuwa na la kuandika.

Leo asubuhi, hodi. Nikanyamaza. Hodi tena. Baba Aikande, najua uko ndani, nimesikia unakohoa. Nikafungua. Mama Hamdani huyo, na chupa ya uji wa ulezi na vitumbua kwenye bakuli. Anasema ameona duka limefungwa, ameona sitoki, akasema huyu mzee ni mgonjwa na hana mtu wa kumpa hata maji.

Amepita moja kwa moja hadi ndani. Kitu cha kwanza kukiona ni sahani yake, juu ya rafu. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaichukua, akaipangusa na kanga, akasema kumbe iko hapa, mimi namlaumu mwanangu Hamdani kwamba alikwenda nayo kwenye lori! Akacheka. Akanipangia vitumbua humo humo. Wiki mbili nzima nimemkwepa, na yeye alikuwa hata hakumbuki!

Nikanywa uji. Tulizungumza. Anauza mchele, kwa hiyo habari zote za mji anazo. Nikacheka kwa jambo fulani, sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Halafu akasema. Nitaiandika kama alivyosema.

"Unajua Jumapili nimekuokoa?"

"Umeniokoa na nini?"

"Radi ile! Mwaka jana kwa mdogo wangu, kule Galapo, ilipita kwenye nyaya, televisheni ikalipuka, friji ikawa jivu. Basi nilivyoisikia imekaribia, nikasema hawa wenzangu wote wako kanisani, nyumba hii nani ataiangalia? Nikatoka mbio nikazima meni swichi. Nikawaza hasa ile mashine yako, Baba Aikande. Ikiungua, huyu mtu atakula nini? Nikasimama pale pale barazani mvua inanipiga mpaka radi ikaondoka, ndipo nikawasha. Mpaka leo nina mafua."

Na kweli ana mafua. Alikuwa anapenga kwenye pembe ya kanga.

Nilihesabu watu wote wa nyumba hii, nikawapeleka wote kanisani. Yeye nikamsahau. Namwona Ijumaa zote akienda msikitini na baibui lake, na bado nilimpeleka kwenye Matawi.

Akaniuliza, nawe si ulikuwa kanisani?

Nikasema ndiyo.

Nikasema na asante.

Akaangalia kompyuta imefunguliwa ubavu, akauliza imepatwa na nini. Nikamwambia uzee tu, mama. Imekufa kwa uzee.

Alhamisi, 17 Aprili

Amekuja tena. Amekuja na ungo, akakaa kwenye benchi la wateja, akachambua mchele. Amesema huku mbele kuna mwanga mzuri kuliko kwake. Kwa hiyo ikabidi nifungue duka, huwezi kukaa na jirani mlango umefungwa nusu. Watu wakapita, shikamoo fundi, shikamoo mama. Mmoja akataka stika ya jina la mtoto, nikamwambia apite wiki ijayo. Mama Hamdani akaongeza, mashine yake inatibiwa Arusha!

Nilikuwa na hasira naye? Nimejichunguza. Juzi nilikuwa na hasira na mtu nisiyemjua, ningemkaba. Leo mtu huyo amekaa mbele yangu anatoa mawe kwenye mchele, na hasira siioni. Ninachokiona ni hofu. Akijua, hatakaa hapa tena. Mtu mwenye aibu ya namna hiyo ataanza kusubiri nipite ndipo atoke. Najua inavyokuwa.

Shomari amekuja jioni. Mama Hamdani alikuwa ameshaondoka, namshukuru Mungu. Kijana mpole. Amenipa mpaka Jumatatu ya Pasaka, baada ya hapo anampigia yule wa Arusha. Nimemwambia ni haki yake.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Nimekwenda kanisani leo. Nimekaa nyuma.

Mama Aikande amepiga mwenyewe! Nikamweleza yote. Ya bajaji, ya chui, ya kompyuta. Akauliza imeuawa na nini. Nikasema umeme. Akasema si nilikwambia hivyo vitu vimechoka? Kisha akashusha sauti, nikajua kuna kitu. Aikande ana ujauzito mwingine. Kwa hiyo, Baba Aikande, mimi kurudi huko kwa sasa… wewe mwenyewe unaona. Uza tu uje.

Nikauliza kama kazi ya bajaji ingefanikiwa angerudi.

Akasema, bajaji? Bajaji gani?

Nilikuwa nimemaliza kumsimulia hapo hapo. Alikuwa anamlisha mtoto, nilisikia kijiko. Simlaumu. Ila bajaji zote za Babati zingeweza kuvaa chui, na yeye asingerudi. Nadhani nililijua toka mwanzo. Inauma hata hivyo.

Nikamwambia nitafikiri, acha kwanza nisubiri chipu.

Sina hakika nasubiri chipu.

Mchana Fabiani akapiga toka Arusha. Mtandao mbovu, maneno yanakatika. Jamaa mwenye kifaa ameifanyia kazi chipu. Imekubali? Sikusikia, upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Kesho anarudi nayo, anakuja moja kwa moja dukani. Halafu hili nikalisikia vizuri sana: mzee, nimeshamjua aliyezima! Meni swichi si iko barazani kwa yule mama wa mchele? Ni yeye! Nikija nitamwambia mbele yako, lazima ajue alichofanya, watu wasichezee umeme.

Nikasema Fabiani, acha. Fabiani, sikiliza. Ikakatika. Nimepiga mpaka nimeambiwa namba haipatikani.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandikia dukani, mezani, nimeliegemeza daftari kwenye UPS. Mama Hamdani yuko benchini na ungo wake. Nimemwambia naandika hesabu. Amesema andika, mimi sikusumbui, na toka hapo hajaacha kuzungumza. Sasa hivi anaeleza jinsi nitakavyokula Pasaka. Kesho niende kwake, Hamdani anafika usiku na lori, atachinja jogoo. Kwa nini nile peke yangu kama msafiri? Nimesema nitakuja. Nimelisema haraka mpaka akacheka.

Nilijaribu kumpeleka sokoni kwa njia ya heshima. Nikasema mama, leo Jumamosi, wateja wa mchele hawakutafuti? Akasema wanajua niliko. Nikasema labda upumzike, mafua hayo. Akasema nitapumzika nikifa.

Nimefikiria kumwambia mwenyewe, kabla ya kuambiwa. Nimefungua mdomo. Mama Hamdani, Jumapili ile… Akainua uso. Akasema ile radi? Wee acha tu, nikikumbuka nafurahi, kama nisingekuwepo! Nikafunga mdomo.

Anauliza hiyo chipu inayotoka Arusha ni kitu gani. Nimemwambia ni kama moyo wa kompyuta. Anasema Mungu ataijalia ipone. Amefumba macho kabisa, anaiombea.

Namwona Fabiani.

Yuko ng'ambo ya barabara, amebeba begi mgongoni, anasubiri malori yapite. Ameinua mkono juu, kuna kitu kidogo cheupe vidoleni. Anapiga kelele, lakini lori linapita, sisikii. Anacheka? Au ni jua limempiga usoni. Amemwona Mama Hamdani. Anamnyooshea kidole.

Mama Hamdani amemwona naye, anampungia. Ananiuliza, huyo kijana ana furaha hivyo, imepona?

Sijui kama imepona, na sitaki kujua bado. Nainuka nimuwahi barabarani kabla hajafika hapa na mdomo wake.